Aliyelazwa Ubavu wa Kushoto

Mke wa msafiri hafungi komeo. Hilo ndilo somo la kwanza Tabita alilopewa na mama mkwe wake alipoolewa Itaka. Mume akiwa safarini mlango unarudishiwa tu, kwa sababu mtu akifika kwake akakuta nyumba imefungwa kwa ndani, nyumba hiyo imemkataa, na aliyekataliwa na nyumba yake huondoka asirudi tena. Tabita alisikiliza kwa adabu huku akicheka moyoni. Aliona ni maneno ya wazee tu, maana mume mwenyewe, Damiano Simbeye, safari yake ndefu kabisa ilikuwa kutoka shambani kwake hadi mnadani Mlowo.

Lakini mwaka wa themanini na sita sabuni ilikuwa bado dhahabu. Watu walifulia majivu na kuogea majani ya mpapai, na ukimwona mtu ananukia vizuri kanisani ulijua ana ndugu ng'ambo ya mpaka. Damiano hakuwa mvivu. Alifunga gunia la maharage nyuma ya baiskeli, akapita njia ya korongo ili asikutane na wenye kofia za serikali, akaingia Nakonde, upande wa Zambia, akarudi na sabuni, mafuta ya kupikia na kitenge cha Tabita. Safari ile ikamnogea. Akaenda tena, akarudi na chumvi na taa ya chemli.

Safari iliyofuata binti yao Jenista, wa miaka mitano wakati huo, alimshika baba yake suruali akasema, "Baba, niletee shanga."

"Za rangi gani?"

"Zozote."

"Nitakuletea zozote," Damiano akasema, akacheka kwa lile pengo lake la chini mbele, jino lililong'olewa Mlowo na mganga wa meno mwenye haraka. Akapanda baiskeli, akateremka njia ya korongo. Hakurudi.

Tabita alirudishia mlango bila komeo, wiki zikawa miezi. Watu wa Itaka kwa maneno hawajambo. Huyu alisema Damiano kaonekana Kitwe, kanenepa, ana mke wa Kibemba na duka. Yule akasema hakufika hata Tunduma, wezi wa sabuni walimvizia korongoni wakammaliza. Kila aliyeleta habari aliapa, na kila aliyeapa alikunywa togwa ya Tabita kwanza. Alizipokea zote mbili kwa uso ule ule. Moyoni hakujua aombee ipi.

Alipokwenda kwa shemeji yake Anyosisye, kaka mkubwa wa Damiano na msemaji wa ukoo, kuomba ndugu yake aliliwe, mzee alitikisa kichwa.

"Mtu hafi kwa uvumi, shemeji. Leo tumlie, kesho aingie hapa na baiskeli yake, tutamwambia nini? Kumlia mtu aliye hai ni kumwitia kifo."

"Na kama amekufa?"

"Tuonyeshwe mwili. Tutalia mpaka Mlowo wasikie."

Hakuwa mkatili, Anyosisye. Alimlimia Tabita shamba la kahawa kila msimu na kumpelekea Jenista daftari za shule. Lakini desturi aliishika kama mtu anayevuka mto kwa kushikilia kamba, na kamba hiyo ilimnyonga mwingine. Tabita hakuwa mke wala mjane. Mnunuzi mmoja wa kahawa kutoka Ihanda, mpole, asiyekunywa, alimtaka kwa heshima, akaambiwa asubiri. Alisubiri mpaka akachoka akaoa kwingine, na nani atamlaumu? Wezi nao walikwisha kuufahamu mlango wa Tabita. Siku moja walichukua sufuria, siku nyingine jogoo. Majirani wakamshauri afunge komeo, japo kwa msimu wa njaa.

"Jogoo nitanunua," aliwajibu. "Damiano akikuta pamefungwa nitamnunua wapi?"

Waliokuwa wakimcheka waliacha kucheka siku hiyo.

Kisha zikaja zile mvua za Elinino. Mvua zile hazikuwa za kistaarabu. Ziling'oa migomba, zikabomoa choo cha shule, na kule korongoni zikamega ukingo mzima, udongo mwekundu ukashuka kama ugali uliopinduliwa sahanini. Wanawake waliokwenda kuokota kuni zilizoletwa na maji walirudi mbio bila kuni. Wameona mtu ukutani mwa korongo.

Tabita hakuitwa, alikwenda mwenyewe. Alipofika ukingoni watu walimpisha. Mifupa ilikuwa imelala ubavu wa kushoto ndani ya udongo, magoti yamekunjwa, na mkono mmoja uko chini ya shavu. Hivyo ndivyo Damiano alivyokuwa akilala. Taya la chini lilikuwa na pengo mbele, na pengo lenyewe lilikuwa limeziba zamani, si la jino lililodondoka juzi. Tabita alishuka kwa makalio, matope mpaka kiunoni, akasogeza uso. Penye kifundo cha mkono palikuwa na vidude vidogo vya mviringo, vyeupe vilivyoingia ukahawia, kila kimoja kimetobolewa katikati.

Zilikuwa shanga.

"Ni yeye," akasema. "Alikuwa anamletea mtoto."

Sauti aliyoitoa baada ya hapo watu wa Itaka waliisimulia miaka mingi. Ilikuwa imekaa tumboni miaka kumi na miwili. Ilitoka yote.

Mtu mmoja tu aliuliza swali. Bibi Marta, aliyekuwa akiwaogesha maiti wa kike kijijini, aliinama, akaitazama ile mifupa muda mrefu, akasema, "Mbona amelala upande wa wanawake?" Maana katika ukoo wao mwanamume hulazwa ubavu wa kuume na mwanamke ubavu wa kushoto, tangu na tangu, na sanduku la kuzikia lilipokuja halikubadilisha kitu, lilitengenezwa pana tu.

"Nani alimlaza, mama?" Anyosisye akajibu, naye machozi yanamtoka. "Walimtupa. Aliyetupwa hachagui ubavu."

Jibu lilikuwa zuri, watu wakalipokea. Hakuna aliyeuliza ni mwuaji gani huyo anayemkunja mtu magoti na kumwekea mkono chini ya shavu. Nguo hazikuwepo, wakasema zimeoza. Baiskeli haikuwepo, wakasema si ndiyo waliyomwulia. Shanga hazikuwa za kioo kama za dukani, wakasema za Zambia hizo. Ukitaka kuamini kitu, macho hukusaidia.

Damiano akazikwa pembeni ya kahawa zake, ndani ya sanduku, ubavu wa kuume kama mwanamume. Shanga Tabita alimwekea Jenista. Katekista alisoma, kwaya iliimba. Anyosisye alitimiza ahadi yake, matanga yakawa makubwa, watu wakaja hata kutoka ng'ambo ya mpaka. Tabita akanyolewa, akatolewa ujane na mashangazi wa ukoo kwa taratibu zao. Wageni walipoondoka, aliusukuma mlango, akainua komeo lililokuwa limeota kutu, akalisukuma mpaka likaingia. Alilala usingizi mzito, jua likamkuta kitandani, na Jenista akamgongea mlango kwa hofu akidhani mama naye amefuata.

Baada ya hapo akawa mtu mwingine, au tuseme akawa yule wa zamani. Kicheko kilirudi. Alirudi kwenye kwaya, sauti ya pili, akawa anawachokoza wanaume waliochelewa ibada. Kila Jumapili alipita kaburini kumpasha mumewe habari. Kwamba sabuni sasa iko ya kila rangi hadi mtu anachanganyikiwa, kwamba Tunduma malori yanapanga foleni mpaka huwezi kuvuka barabara, kwamba Jenista kapata mchumba mwenye akili. Siku ya harusi shanga zilitungwa upya kwa uzi mwekundu, bibi harusi akazivaa mkononi. "Zozote" za baba yake zilikuwa zimefika, hata kama zilichelewa.

Mwaka wa elfu mbili na tisa likaja gari la wageni na mahema. Watu walidhani wamepotea njia ya kwenda Ndolezi kutazama kimondo, kama wageni wote. Hapana, walitaka korongo. Walikuwa watafiti wa mambo ya kale, wakiongozwa na dada mmoja wa Pwani aitwaye Fauzia, mwenye hijabu iliyojaa vumbi na sauti ya upole. Walikaa ukingoni wakichokonoa udongo kwa vijiko na brashi, na kijiji kizima kikapata cha kucheka. Watu wazima wenye shahada wanapiga mswaki ukuta!

Tabita akapewa kazi ya kuwapikia. Alimpenda Fauzia kwa sababu alikula bila kuchagua na aliomba aongezewe. Siku Jenista alipokuja kumsalimia mama yake, mtoto mgongoni, akamnawisha mgeni mikono, Fauzia aliacha kunawa. Maji yakawa yanamwagika chini.

"Dada, samahani. Hizi shanga umezipata wapi?"

Tabita akajibu badala ya mwanawe, kwa fahari. Akasimulia yote, tangu sabuni, korongo, pengo la jino mpaka sanduku. Alikuwa amezoea watu kumhurumia afikapo mwisho. Fauzia hakusema pole. Alikwenda hemani, akarudi na kifuko, akamimina kiganjani vidude vyeupe vilivyoingia ukahawia. Baadhi vilikuwa vimetobolewa, vingine vilikuwa vimevunjika kabla fundi hajamaliza kuvitoboa.

"Tumezikuta juzi, mama. Ukingoni pale pale, pamoja na mawe waliyochongea. Si za dukani. Ni ganda la yai la mbuni."

"Mbuni? Hapa?"

"Labda yalitoka mbali, mtu akampa mtu. Lakini shanga zilichongwa hapa."

"Na nani?"

Fauzia alifikiri namna ya kulisema. "Na watu walioishi hapa zamani sana. Kabla ya kahawa."

"Kahawa ilikuja juzi tu."

"Kabla ya mahindi, mama. Kabla ya ulezi, kabla ya jembe. Kabla hajatokea mtu wa kuyeyusha chuma nchi hii. Watu waliokula walichowinda na walichochimba, na kulala walipofika. Maelfu ya miaka."

Jenista alikuwa ameufunika mkono wake kwa mkono mwingine.

"Sijui uliyemzika ni nani," Fauzia akasema. "Huenda ni mumeo, na shanga zilichanganyika tu naye udongo ulipomeguka. Siwezi kujua bila kumwona. Na sitamwona usiponiruhusu. Ukisema hapana, sitauliza tena."

Anyosisye aliposikia alikuja na fimbo. Kaburi halifukuliwi kwa ajili ya shanga, alisema, na ndugu yake si muhogo. Wazee walimuunga mkono. Fauzia hakubishana, akarudi korongoni na kijiko chake. Jambo lingekwisha hapo, kama Tabita angeweza kulala.

Hakuweza. Kila alipolala alisikia kengele ya baiskeli ikipanda kutoka korongoni, ikifika uani, ikinyamaza. Kisha mlango unasukumwa taratibu, mara moja tu, jinsi mwenye nyumba anavyousukuma, na komeo linaushikilia. Hakubishwa hodi. Mwenyewe habishi hodi kwake. Asubuhi uani hapakuwa na alama yoyote isipokuwa ya kuku. Tabita hakumwambia mtu, lakini alianza kukonda, na ugali wa watafiti ukawa unaungua.

Hofu yake haikuwa kwamba Damiano amekufa. Kufa alikwisha kumfia. Hofu yake ilikuwa hii: ikiwa aliye kaburini si yeye, basi miaka yote hii ya usingizi mtamu alikuwa amemfungia mlango.

Alikwenda kwa Anyosisye, akapiga magoti mlangoni kama siku ile ya kwanza.

"Shemeji, uliniambia nikuonyeshe mwili. Nikakuonyesha. Sasa naomba na mimi nionyeshwe."

Mzee alimtazama, akatazama chini. Fimbo akaiegemeza ukutani.

Walifungua kaburi asubuhi, jua likiwa jeupe. Fauzia alishuka peke yake, akafunua sanduku lililokuwa limekwisha kuliwa na mchwa, akafanya kazi kwa brashi, huku kijiji kimezunguka na hakuna aliyecheka mswaki. Alitazama taya. Alikaa muda mrefu kwenye mfupa wa nyonga. Alipoinua uso Tabita alijua kabla hajasema.

"Mama, huyu ni mwanamke."

Anyosisye akavua kofia, akaketi juu ya udongo uliotolewa, akajifunika uso. Huenda alikuwa akimkumbuka Bibi Marta, ambaye wakati huo alikwisha kuzikwa naye, ubavu wa kushoto.

"Mtu mzima, si mzee, na jino naye lilimtoka akiwa hai," Fauzia aliendelea polepole. "Mifupa imekuwa mizito, imeshika rangi ya udongo. Umri wake kamili tutaupima mjini, lakini si wa juzi, wala wa enzi za babu wa babu yako. Umri wake ni mmoja na wa shanga zake."

"Alitupwa?"

"Hapana. Ulivyomkuta wewe ndivyo alivyolazwa. Mtu alimkunja magoti, akamwekea mkono chini ya shavu. Shanga alivishwa."

Tabita alikuwa na mengi ya kulia siku hiyo, na yalisongamana mlangoni yakakosa la kutangulia. Lililotoka la kwanza halikumhusu Damiano.

"Basi alikuwa na watu wake," akasema. "Walimlaza kama sisi tunavyowalaza wanawake. Sisi tukaja tukamtoa mikononi mwao, tukamlaza kiume, tukamwita jina la mtu mwingine. Miaka yote hii namweleza habari za sabuni, mtu asiyenijua. Jamani, alikuwa akinisikilizaje?"

Nyuma yake Jenista alikuwa akihangaika na uzi mwekundu. Fundo lilikuwa limekaza, akalikata kwa meno. Alikuwa mwanamke mwenye mtoto mgongoni, lakini alilia kama wa miaka mitano. "Hakuniletea," alisema. "Mama, baba hakuniletea." Akazimimina shanga zote mkononi mwa Fauzia ili zirudi kwa mwenyewe.

Tabita aliomba jambo moja, kwamba katika kasha la kusafiria yule mwanamke alazwe ubavu wa kushoto. Fauzia alikuwa na taratibu zake za kazi, kila mfupa na kifurushi chake, lakini alimtafutia kasha pana, akampanga alivyoombwa, akamwekea mkono chini ya shavu. Wanawake wa Itaka wakamlilia mara ya pili, safari hii bila jina, maana hawakulijua, na hata lugha ya kumwita hawakuwa nayo. Gari lilipoondoka walilisindikiza hadi barabarani.

Waliporudi vijana walikwisha kushika makoleo ili wafukie shimo.

"Acheni," Tabita akasema. "Mwenyewe hajafika."

Walidhani ni uchungu, wakangoja. Kesho yake akasema vile vile, na mwezi uliofuata. Mwishowe Anyosisye, mzee wa watu, akaja na miti akazungushia uzio ili mbuzi wasitumbukie. Alipomaliza aliingia ndani, akang'oa lile komeo kwa nyundo, akaondoka nalo.

Wengine walisema Tabita amechanganyikiwa. Hakuchanganyikiwa. Aliuza kahawa yake, aliimba sauti ya pili, aliwatania wajukuu. Ila alifagia shimo lile kama watu wanavyofagia chumba cha mgeni, akitoa majani na vyura baada ya mvua, na mtu aliyepita njia ya korongo na baiskeli alimfanya anyamaze katikati ya sentensi mpaka kengele ipite. Kilichomtesa alimweleza Jenista mara moja tu. Wale wa kale, wasiokuwa na jembe wala paa, hawakumwacha mtu wao bila kumlaza. Yeye, mwenye kanisa na redio na barabara ya lami karibu, hajui wake amelala ubavu gani.

Alipougua, mwaka wa elfu mbili na kumi na nne, homa iliyoshuka kifuani, alimwita binti yake. Jenista akadhani atatajiwa shamba.

"Msinizike mle," Tabita akasema. "Mle ni mwake. Nichimbieni pembeni, upande ambao nikilazwa nitakuwa namtazama akija. Na nyumba msiifunge."

Wakafanya hivyo. Fundi alitengeneza sanduku pana. Anyosisye, akishikwa mkono na wajukuu, alisimamia mwenyewe ili pasiwe na makosa safari hii. Jenista ndiye anayelifagia shimo sasa kila mvua zikipita, na nyumba imekaa haina komeo, wezi wamekwisha kumaliza cha kuiba. Iko siku, kahawa hizi zikiwa zimesahauliwa, na jina la Itaka halina anayelijua, atakuja mtu mwingine na kijiko na brashi. Atamkuta mwanamke amelala ubavu wa kushoto, magoti yamekunjwa, mkono chini ya shavu, uso umeelekea shimo lisilo na mtu. Atapima udongo, atapima mifupa, ataandika alichokiona, na hatajua alikuwa akimngoja nani.